Mikate Tumboni mwa Kochi

Asubuhi ile Pasi aliniacha mara mbili. Kwanza kwa miguu, halafu kwa mdomo.

Ya miguu nilikuwa nimeshaizoea. Alikipanda kile kilima cha tangi la maji kama mtu anayevutwa na kamba kutoka juu, nywele zake alizozifunga nyuma zinampiga mgongoni, mimi huku chini naangalia nyayo za viatu vyake zikiinuka na kushuka mpaka zikawa ndogo kama punje. Miguu yangu mizito. Na si uzito wa kawaida, uzito wa gunia lililolowa. Nikawa naibembeleza. "Jamani, mpaka pale kwenye nguzo tu." Tukifika kwenye nguzo naidanganya tena, "mpaka pale kwenye geti la bluu." Mwisho nayo ikashtuka kwamba huyu ni mwongo, ikagoma. Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro, dunia inazunguka polepole kama feni iliyozimwa sasa hivi.

Aliporudi kunitafuta hakuwa hata anahema vibaya. Jasho limemlowesha shingo, yale macho yake makubwa yananitazama kwa namna ambayo siku nyingine ingenisimamisha hata kama nimevunjika. Siku hiyo nilitazama viatu vyake tu.

"Umekaa tena, Sponji."

Hivyo ndivyo wanavyoniita tangu nimalize shule na kuingia karakana ya mjomba, tunapotengeneza makochi. Jioni natoka na vipande vya sponji kichwani kama kuku aliyenyonyolewa vibaya. Yeye ni Pasi kwa sababu kutwa nzima yuko na pasi mkononi kwenye duka la dobi la mama yake. Majina tuliyopewa na wazazi yapo, lakini ukiyasikia yametajwa ujue unagombezwa.

"Nafunga kamba," nikasema.

"Kamba gani hiyo? Wewe unafunga kamba tangu wiki iliyopita."

"Nakuja. Nenda, nitakukuta."

Hakwenda. Alichuchumaa mbele yangu, karibu kabisa, nikasikia harufu ile ya nguo iliyopigwa pasi ambayo haimtoki hata akiwa na jasho. Moyo wangu ukajaribu kuruka kama zamani, ukaona uvivu, ukakaa.

"Jana jioni nilikuwa nakueleza kitu," akasema.

"Nakumbuka."

"Kitu gani?"

Jana tulikaa kwenye ngazi za duka lao, yeye anaongea, mimi nimeegemea ukuta. Nilisikia "mama amesema," na baada ya hapo nikasikia kimya kizuri, kizito, kama mtu amenifunika blanketi. Nilipofungua macho ngazi ilikuwa tupu na mlango wa duka umefungwa.

"Ulilala, Sponji. Naongea na wewe mambo ya maisha yangu, wewe unakoroma."

"Mimi sikoromi."

"Ulikoroma! Mteja aliyefuata suruali yake alikucheka. Akaniuliza, huyu ni mlinzi?"

"Ni kazi tu. Nimechoka kidogo."

"Kwani zamani hukuwa na kazi? Zamani ulikuwa unaongea mpaka nakuomba upumzike. Sasa hivi nikisema neno, 'mm.' Nikikushika mkono, wa baridi. Nikicheka, na wewe unacheka, lakini umechelewa, kama redio ya betri mbovu." Akasimama. "Mimi si mtoto. Najua mtu akianza kumkinai mwenzake anakuwaje. Nimeshaonyeshwa."

"Pasi, sijakukinai."

"Jisikie mwenyewe unavyolisema."

Na kweli nililisema kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Nguvu ya kulitia sukari ningeitoa wapi?

"Nilikwambia siku ile ya kwanza," akasema, na sauti yake ikashuka. "Watu wote wanaanza na mimi. Hakuna anayemaliza."

Aliniambia, ni kweli. Aliyenitangulia alikuwa kijana wa duka la simu. Alinunua viatu vinavyong'aa mpaka mbwa wanabweka, akakimbia naye siku chache, akaacha mbio, halafu akamwacha na yeye. Ndiyo maana mimi nilimwahidi kitu kimoja tu. Sikumwahidi gari wala nyumba, ningevitoa wapi, matokeo yenyewe ya mtihani bado nayasubiri. Nilimwahidi kwamba Jumapili, kwenye mbio za kilabu chao cha riadha, nitamaliza naye, bega kwa bega, mbele ya kila mtu.

"Jumapili tunamaliza wote," nikasema.

"Kesho usije." Alikuwa ameshanipa mgongo. "Na Jumapili usije. Kama ni kuacha, acha mapema, mwenyewe, kwa heshima. Usinikimbilie kwa huruma."

Akashuka kilima. Nilitaka kumwita. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini kuita nako kunataka pumzi.

* * *

Sasa ngoja nikwambie kilichokuwa ndani ya begi langu asubuhi ile, maana ndicho kilichotufikisha kwenye yaliyofuata. Kulikuwa na mkate.

Mama yangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Kila siku kabla hajatoka ananiachia kifurushi mezani: vipande vya mkate vimepakwa jamu mpaka inamwagika pembeni, vimefungwa kwenye karatasi, na karatasi imefungwa kwa uzi mnene wa makochi ambao mjomba humpa. Fundo lake halifanani na la mtu mwingine. Ukitaka kulifungua ujipange.

"Unakonda," aliniambia wiki ile. "Shingo imekuwa kama ya bata. Hayo ni mapenzi au minyoo?"

"Ni mazoezi, mama."

"Mazoezi ya kufa?"

Mkate nilikuwa siuli. Sababu ni Pasi. Asubuhi yetu ya kwanza kabisa nilimuuliza, "Wewe unakula nini mpaka uko hivi?" Akacheka, akatazama pembeni, akasema, "Mimi? Mimi natoka tupu. Tumbo likiwa tupu, mwili unaruka." Basi. Mwenzako amesema tumbo tupu, wewe una kauli gani? Kesho yake nikatoka tupu. Kidogo nikaona kweli mwili mwepesi, kichwa chepesi, nikasema aisee, hii ndiyo siri ya wakimbiaji. Nikapunguza na cha jioni. Nikimaliza kukimbia naenda moja kwa moja kazini, na saa hiyo tumbo limeshajifunga, ukilionyesha mkate linakupigia kelele.

Sasa mkate uende wapi? Mama amenilea kwamba mkate hautupwi, anayeutupa atautafuta uzeeni. Na karakana nzima tuko wawili, mimi na mjomba, na mjomba ni kaka wa mama, tumbo moja. Nikimpa yeye, jioni mama anajua. Kwenye kona kulikuwa na kochi moja kubwa limevuliwa kitambaa, mgongo wazi, linasubiri kitambaa kipya kiletwe. Nikachomeka kifurushi cha siku hiyo kati ya sponji na mbao. Jioni nitakitoa, nikajisemea. Jioni nilikuwa nimechoka. Kesho yake nikaongeza kingine. Na kingine.

Siku mbili kabla ya asubuhi ile kitambaa kikaja. Mjomba akanituma uzi, nikaenda naburuta miguu, niliporudi kochi limeshashonwa mgongo, limepigwa misumari, liko juu ya mkokoteni linaondoka. Mjomba anafuta mikono, amefurahi. "La Mama Dobi hilo," akasema. "Nimeliharakisha, ana ugeni."

Mama Dobi ndiye mama yake Pasi.

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi sikusema kitu. Nilijiambia mkate ukikauka unakuwa kama ubao, na kochi ni ubao mtupu, nani atajua.

* * *

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja au umeletwa?"

Ndivyo alivyonipokea asubuhi ile baada ya kilima. Mjomba hana maneno mengi, kwa sababu kutwa ana misumari mdomoni, lakini yale machache huyapiga kwenye kichwa.

"Hiyo sura umeiazima wapi? Irudishe."

"Nimechoka kidogo."

"Kijana wa umri wako hachoki kidogo. Anachoka kwa sababu." Akanitazama huku anapiga nyundo bila kuangalia kidole. "Ni yule binti?"

Nikachukua kisu nikaanza kukata sponji, nikaikata upogo, nikachukua nyingine, nayo upogo. Kila nikiinama naona nyayo za viatu zinapanda kilima. Nilikuwa nawaza hivi: kama ningekuwa na nguvu ya kumfuata, nisingekuwa na haja ya kumfuata. Halafu nikawa sielewi nimewaza nini.

Jua limeshaingia mpaka katikati ya sakafu ndipo nikasikia magurudumu ya mkokoteni yanalia nje, na juu ya magurudumu, sauti.

"Fundi! Toka! Toka uone ulichoniletea!"

Mjomba akatema misumari kiganjani. "Karibu, dada. Kulikoni?"

Mama Dobi aliingia akiwa amejifunga kanga kiunoni, mikono yote ina harufu ya sabuni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupitia ukuta. Nyuma yake mwenye mkokoteni akatua kochi, akachukua mkokoteni wake akakimbia, sijui alishajua. Na nyuma kabisa, amekumbatia mto wa kochi kama ngao, akaingia Pasi. Akaniona. Akatazama dirishani.

"Nilikuletea kochi ulivalishe nguo," Mama Dobi akasema. "Umenirudishia kochi lenye watu ndani."

"Watu?"

"Sisimizi! Ukoo mzima, na wakwe zao! Mawifi zangu wamekuja, nimewakalisha kwenye kochi jipya, najidai, mara yule mkubwa wao anainuka anajikuna mahali ambapo mtu mzima hajikuni mbele za watu. Unajua wifi yangu alivyo? Nitasemwa mpaka nizikwe!"

"Pole sana, dada. Lakini sisimizi huwa wanatoka nyumbani kwa mtu, siyo kwenye..."

"Nyumbani kwangu? Mimi? Ninayefua mpaka mashuka ya mtaa mzima?"

Mjomba akaona hapo si pa kuendelea. Akanigeukia. "Shika kisu. Fungua mgongo."

"Mjomba, tungepulizia dawa tu," nikasema. "Kwa nje."

"Fungua."

Nikapiga magoti. Mkono ulikuwa unatetemeka, na usidhani ni woga peke yake, ulikuwa unatetemeka tangu wiki iliyopita hata nikishika kikombe. Nikakata nyuzi moja moja. Nilitamani ziwe ndefu zisiishe. Kitambaa kikaanguka kama pazia, na nyuma yake kifurushi cha kwanza kikajitupa sakafuni, kikifuatana na msafara mweusi. Halafu cha pili. Halafu vikaanza kuja vyenyewe kama vimesikia vinaitwa.

"Nani," mjomba akauliza taratibu, "analisha kochi?"

Akaokota kimoja, akakung'uta sisimizi, akageuza uzi kwenye vidole. Nilimwona anavyotambua. "Huu uzi ni wangu," akasema. "Na hili fundo ni la dada yangu."

Wote wakanitazama. Nilikuwa bado nimepiga magoti, ikawa rahisi.

"Ni mimi."

"Yaani wewe," Mama Dobi akasema, "mama yako anaamka usiku anakufungia chakula, wewe unakitupa kwenye mgongo wa kochi langu?"

"Sikukitupa, mama. Nilikuwa nakiweka."

"Unakiweka! Uliona kochi langu ni kabati?"

"Dada, mimi nitalirekebisha bila..." mjomba akaanza.

"Kwa nini?"

Hilo halikuwa la Mama Dobi wala la mjomba. Pasi alikuwa ameachia mto. Alichuchumaa mbele yangu kama asubuhi, akaokota kifurushi, akaona jamu iliyogeuka nyeusi.

"Ulikuwa huli?"

"Nilikuwa nakula. Usiku. Kidogo."

"Halafu asubuhi unakuja kupanda kilima na mimi? Na hiki ndicho kilichokuwa begini? Kwa nini, Sponji?"

"Si wewe ulisema."

"Nilisema nini?"

"Ulisema unatoka tupu. Tumbo tupu, mwili unaruka." Sauti yangu ilitoka ndogo mno. "Na mimi nilitaka kuruka."

Pasi akabadilika rangi ya uso kuanzia shingoni.

"Nani anatoka tupu?" Mama Dobi akauliza.

"Yeye, mama."

"Huyu?" Akamwonyesha kwa kidole kama vile kuna Pasi mwingine mle ndani. "Huyu ninayemficha ndizi? Huyu anaamka kabla ya kuku, anakula ndizi, anakula mkate, anashushia chai ya maziwa, anakaa kwanza itulie, ndiyo anavaa viatu. Akirudi, mayai. Juzi nimemkuta jikoni anakula kiporo amesimama, hata sufuria hajalipasha!"

"Mama!"

"Mama nini? Kula kumekuwa wizi? Tupu! Angekuwa anatoka tupu si ningekuwa tajiri!"

Mjomba akageuka upande, mabega yanamtikisika. Mimi nilikuwa namtazama Pasi, na Pasi alikuwa anatazama sisimizi.

"Siku ile," akasema kwa sauti ya chini, ya kwangu peke yangu, "uliniambia nakimbia kama sina uzito. Hakuna mtu aliwahi kuniambia hivyo. Nikaona nitasemaje kwamba nina ndizi mbili na mkate tumboni? Nikasema tu. Nilijua utasahau."

"Mimi nisahau ulichosema wewe?"

Nilitaka kukasirika. Nilistahili kabisa. Nikaitafuta hasira kifuani, sikuipata. Hasira nayo inataka chakula.

"Na zile siku ulizokuwa huji?" nikamuuliza. "Ukisema nguo ni nyingi?"

"Nilikuwa nalala. Mwalimu wa kilabu ametukataza kukimbia kila siku, anasema mwili unajengeka ukiwa umepumzika." Akainua macho. "Wewe siku hizo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakimbia peke yangu. Nikufikie."

Akaziba mdomo kwa mkono wenye jamu.

"Jana uliponikoromea," akasema, "mimi nikajua umenikinai. Nimelia, unajua? Kumbe ulikuwa na njaa. Nimelia kwa ajili ya njaa ya mtu!"

"Ulikuwa unaniambia nini jana?"

Akamtazama mama yake, kisha sakafu. "Nilikuwa nakwambia mama amesema uje nyumbani. Akuone."

"Ngoja," Mama Dobi akasema. Akasogea. Akanizunguka kama mtu anayenunua mbuzi. "Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Ndiye huyu niliyesema aje nimwone?"

"Ndiye, mama."

"Basi nimemwona." Akakaza kanga kiunoni. "Mwanangu ana mdomo wa uongo, hilo mimi na yeye tutalimaliza nyumbani. Lakini wewe, kijana, nikuulize kwa upole. Mtu ambaye mkono wake mwenyewe umeshindwa kufika kwenye mdomo wake mwenyewe, kesho ataweza kushika maisha ya mtoto wa mwenzake?"

Mjomba alitaka kunitetea, nikaona misumari imemjaa tena mdomoni.

"Kochi nalitaka leo, bila mnyama hata mmoja," Mama Dobi akasema. "Pasi, twende. Nguo za watu zinasubiri."

Pasi alisimama. Nami nikajivuta nikasimama kwa kushika mguu wa kochi, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo nisipolisema hapo sitalisema tena.

"Jumapili sitamaliza," nikamwambia. "Nilikuwa najua tangu wiki ile nyingine. Siwezi, Pasi. Hata kilima siwezi."

Macho yake yalikuwa yamejaa. Mama yake akamshika mkono, akamvuta kama anavyovuta shuka kwenye kamba, wakatoka. Nikasikia sauti ya Mama Dobi inakwenda inapungua mtaani, "Tupu! Tupu eti!"

* * *

Mjomba alienda kununua dawa ya wadudu. Mlangoni akasimama.

"Mama yako simwambii," akasema. "Utamwambia wewe."

"Sawa, mjomba."

"Na usife kabla sijarudi. Nitamwambia nini dada yangu?"

Nikabaki na kochi. Nikatoa vifurushi vyote, nikatoa sponji iliyoliwa, nikapiga brashi mbao, nikafukuza sisimizi mpaka wa mwisho, nikaweka sponji mpya. Kazi ya mikono ina huruma, haikuulizi unajisikiaje. Nikarudisha kitambaa, nikachukua sindano ile iliyopinda kama kucha ya paka, nikaanza kushona mgongo kutoka kona ya juu. Nikachoma, nikavuta. Nikachoma, nikavuta. Kila nikivuta uzi namwona anavutwa na mama yake. Nimefika katikati hivi, nikasema nipumzishe shavu kwenye sponji kidogo tu, ni mpya, laini, nimeikata mwenyewe.

Nilipofungua macho jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Shavu limechapwa alama za kitambaa. Nikapapasa sindano mkononi, haipo. Nikashtuka, nikatazama mgongo wa kochi.

Ulikuwa umefungwa. Kutoka pale nilipoachia, mishono inaendelea midogo, imebanana, si mishono ya fundi wa makochi, ni ya mtu aliyezoea kurudisha vifungo vya mashati. Imekwenda upande kidogo, lakini imefika mpaka kona ya chini, na kwenye kona kuna fundo.

Pasi alikuwa amekaa juu ya kreti, ananyonya kidole alichojichoma.

"Hii sindano yenu ina roho mbaya," akasema.

"Umeingia saa ngapi?"

"Zamani."

"Ungeniamsha."

"Nimekuamsha. Umeniambia, 'mpaka kwenye geti la bluu.' Ukaendelea."

Nikacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, kikavu, lakini hakikuchelewa. Na yeye akacheka, halafu akaacha, akawa anatazama mishono yake.

"Nisamehe," akasema. "Lile la kutoka tupu."

"Na mimi nilikudanganya. Kila siku nafunga kamba."

"Tumekimbia na uongo mkubwa kuliko sisi."

Alikuwa na chombo cha plastiki chenye mfuniko, kimefungwa kwenye kitambaa kilichopigwa pasi mpaka kikasimama. Akanisogezea. Viazi vya kuchemsha, vya moto bado, mayai, na ndizi imelala juu yake.

"Polepole," akasema. "Usivamie. Tumbo lako limesahau kazi."

Nikala kiazi. Nikala kingine. Nilikuwa naona aibu kwa jinsi mkono ulivyokuwa unatetemeka njiani, akaushika kifundoni mpaka ukafika mdomoni, akauachia. Tulikaa hivyo, mimi natafuna, yeye amelaza kichwa kwenye kochi la mama yake, wote tumechoka kama watu waliohama nyumba. Nje mtu alikuwa anapiga msumari. Sikuwa na haraka ya kwenda popote.

"Jumapili," nikasema.

"Jumapili hukimbii. Wiki nzima hukimbii. Utasimama pale mwisho, unanishikia ndizi na maji."

"Na nikilala?"

"Nitakupita, nimalize, halafu nitarudi kukuchukua."

Alilisema kama jambo dogo. Nikakumbuka kwamba hata asubuhi ile alirudi. Alinikasirikia, lakini alirudi. Nikatazama chini nisionekane macho.

Alisimama, akakunja kile kitambaa, akakitia chini ya kwapa. Chombo akakiacha mapajani mwangu.

"Kesho nitakuletea dukani," nikamwambia. "Nitakiosha."

"Hapana." Alikuwa ameshafika mlangoni, ana tabasamu lile la pembeni, la siku ya kwanza, lakini safari hii hakuangalia kando. "Chombo ni cha mama. Viazi kachemsha mwenyewe, huku anakutukana. Kasema usinipe mimi, wala usimtume mtu. Ukirudishe mwenyewe, nyumbani, mawifi wakiwepo."

"Kasema hivyo?"

"Na kasema uje umeshiba."

Akaenda, anatembea tu, taratibu, kama mtu asiye na mbio.

Nikachukua ndizi, nikaimenya.